Maji yanayozama na mabamba: kuyachunguza kwa nyundo, kapsuli ya dhahabu, kompyuta au matope ya Mariana

Bamba la sakafu ya bahari linapozama chini ya bamba jingine haliendi kavu. Huchukua maji ya bahari yaliyonaswa katikati ya chembe za matope, na mengine yaliyofungwa ndani ya fuwele za madini yenyewe. Serpentini, kwa mfano, ina maji ya takriban asilimia 13 ya uzito wake, ingawa ukiishika mkononi ni jiwe kavu la kijani linaloteleza kidogo kama sabuni. Kadiri bamba linavyoshuka, shinikizo na joto hupanda, madini huvunjika moja baada ya jingine na maji hutoka. Maji hayo hayakai bure: hupanda kwenye mwamba ulio juu yake, huyeyusha hiki na kuacha kile, hugeuza olivini (madini yaliyo mengi kwenye koti la dunia, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda la nje) kuwa serpentini, hubeba kaboni na chumvi, na yakifika penye joto la kutosha huirahisishia miamba ya koti la dunia kuyeyuka, hata volkeno zikazaliwa juu.

Kwetu Afrika Mashariki ardhi inaachana kwenye Bonde la Ufa. Mabamba hayazami hapa. Hata hivyo tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, lililotokea kwenye ukanda wa uzamaji, lilituma mawimbi yaliyoua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania, na ukanda wa Makran, ulio ng'ambo ya Oman kwenye pwani za Iran na Pakistani, umeielekea bahari hii hii. Sababu za kutaka kujua zipo. Tatizo la mwanafunzi wa jiolojia aliyekwisha kuamua kuchunguza mimenyuko kati ya viowevu na miamba katika kanda hizo huwa ni jingine: njia ni kadhaa, kila moja ina walimu wanaoitetea kwa nguvu, na akichagua isiyojibu swali lake anaweza kupoteza miaka miwili kabla ya kulitambua kosa.

Vigezo vya kulinganishia

Nimechagua vigezo vinne. Cha kwanza ni kina ambacho njia inaweza kukifikia, na hapa ikumbukwe kwamba gigapaskali 1 ya shinikizo ni sawa na kushuka kilomita 30 hadi 35 hivi. Cha pili, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote, ni maji yenyewe: je, mtafiti anakishika kiowevu, au anashika alama zilizoachwa na kiowevu kilichokwisha kuondoka? Cha tatu ni muda, kwa maana ya iwapo njia inaweza kusema mmenyuko ulichukua siku, miaka mia au miaka milioni. Cha nne ni gharama, nikihesabu vifaa, vibali na miezi ya kazi. Vipimo vya mitetemo na vya upitishaji umeme wa ardhi nimeviacha nje, kwa kuwa vinaonyesha maji yaliko bila kuonyesha yalimenyuka na nini.

Njia ya kwanza: miamba iliyozama ikarudi juu

*Kina.* Vipande vya mabamba yaliyozama hurudishwa juu na mienendo ya ardhi, na baadhi vimetoka mbali sana. Huko As Sifah, kijiji cha pwani kusini-mashariki mwa Muscat, kuna eklogiti, yaani miamba mizito inayoundwa kwa shinikizo kubwa bamba linapozama, zilizofika shinikizo la karibu gigapaskali 2. Katika milima ya Dora-Maira, Italia, Christian Chopin alitangaza mwaka 1984 kwamba ameona koesiti, yaani umbo la kwatzi linalohitaji kina cha zaidi ya kilomita 80 ili liundwe. Nyumbani kwetu ukanda wa Usagara nchini Tanzania una eklogiti za miaka takriban milioni 2,000, zilizoelezwa mwaka 1995 kuwa ushahidi wa uzamaji wa zama hizo, na Kasai, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imetoa nyingine yenye umri wa miaka karibu milioni 2,100, ambayo watafiti wake waliisoma kuwa zao la uzamaji wa baridi na wenye maji.

*Maji.* Hapa ndipo penye udhaifu wa njia hii, na hapo hapo ndipo penye uzuri wake. Kiowevu kimekwisha kwenda zake. Kilichobaki ni nyayo. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni listveniti ya Wadi Mansah, chini kabisa ya ofioliti ya Samail nchini Oman, yaani kipande cha sakafu ya bahari na koti lake kilichosukumwa juu ya nchi kavu. Miamba ya koti la dunia ilikuwa imekaa juu ya mashapo ya bahari yaliyokuwa yakizama, mashapo yakatoa kiowevu chenye kaboni dioksaidi, na kiowevu hicho kikamenyuka na magnesi ya olivini na serpentini mpaka mwamba mzima ukageuka kuwa magnesiti (kaboneti ya magnesi) na kwatzi, kwa halijoto isiyozidi sana nyuzi 200 za selsiasi. Mradi wa uchorongaji wa Oman ulipita katikati ya mwamba huo mwaka 2017, kwenye shimo la BT1B lenye kina cha mita 300 hivi, hadi kufikia miamba ya bamba la chini. Ukitazama kipande chake kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03 chini ya hadubini, huioni olivini hata chembe moja. Unaona magnesiti na kwatzi zikiwa zimechukua nafasi yake, na mishipa myembamba inayokatana, ile iliyokatwa ikiwa ya zamani na inayokata ikiwa ya baadaye. Hapo mtu anasoma mpangilio wa matukio kwa macho yake.

Mara chache maji yenyewe hubaki. Kando ya Lago di Cignana, katika Alps ya Italia, matone madogo mno ya kiowevu yamefungwa ndani ya ganeti, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta ndani yake kaboni iliyoyeyuka pamoja na vialmasi vidogo. Tone la namna hiyo lina thamani kuliko gunia la miamba, lakini huwezi kupanga utafiti wako ukitegemea kwamba utalipata.

*Muda.* Hakuna njia nyingine inayoshinda miamba ya nchi kavu kwa muda mrefu wa kijiolojia, na wakati mwingine hutoa hata muda mfupi. Katika milima ya Tianshan, China, upo mshipa uliopita ndani ya skisti ya bluu, mwamba wa shinikizo kubwa na joto dogo, na kuigeuza kuwa eklogiti pande zote mbili; kwa kupima jinsi lithi ilivyosambaa kutoka kwenye mshipa kuingia ukutani, watafiti walikadiria mwaka 2012 kwamba maji yalipita hapo kwa miaka kama 200 tu. Tahadhari inahitajika, kwa sababu mwamba unaporudi juu hupata maji mengine na joto jingine. Eklogiti za Usagara zimeguswa tena na matukio ya baadaye, na mtafiti asiyetenganisha awamu hizo ataandika habari za safari ya kurudi akidhani anaandika za kushuka.

*Gharama.* Safari, vibali vya kuchukua na kusafirisha sampuli, kisha saa za mashine ya kupimia kemia ya madini. Ni nafuu ukiwa karibu na miamba, ghali ukiwa mbali. Inamfaa mtu mvumilivu, mwenye jicho la kuona mshipa mmoja kati ya mia, na ambaye swali lake linaanza na «nini kilitokea hapa».

Njia ya pili: majaribio ya maabara

*Kina.* Mashine ya pistoni hufika gigapaskali 3 au 4, yenye fuawe nyingi zinazobana kwa pamoja hufika takriban 25, na seli ya almasi huzidi 100, kwa hiyo kina si kikwazo. Kikwazo ni ukubwa wa sampuli, ambayo hupimwa kwa miligramu.

*Maji.* Mtafiti anayaweka mwenyewe. Huchukua kapsuli ya dhahabu au platini yenye urefu wa milimita chache, akaweka unga wa madini na kiasi cha maji alichokipima, akaifunga kwa kuilehemu, akaipima uzito tena ili ajue kwamba maji hayakutoroka wakati wa kulehemu, kisha akaiingiza kwenye mashine. Jaribio likiisha huitoboa kwa sindano, huikausha na kuipima mara ya mwisho. Tofauti ya uzito humwambia maji huru yalikuwa kiasi gani. Ni kazi ya mikono iliyotulia, na sehemu ngumu huja wakati wa kupoza, kwa kuwa kiowevu kilichoyeyusha silika na chumvi kule kwenye joto hukitema kila kitu kinapopoa, na mtu akabaki na ukoko wa chembe asijue zipi zilikuwa madini na zipi zilikuwa ndani ya maji. Ndiyo maana ulibuniwa mtego wa almasi: tabaka la unga wa almasi huwekwa ndani ya kapsuli, kiowevu hujaa katika nafasi zake, halafu kapsuli hugandishwa kwa baridi kali na kiowevu hicho kupimwa kwa leza kabla hakijayeyuka. Njia nyingine ni kutazama mmenyuko ukiendelea, kupitia seli ya almasi yenyewe, chini ya hadubini.

Mavuno yake ni namba ambazo wengine wote hujengea. Peter Ulmer na Volkmar Trommsdorff walionyesha mwaka 1995 kwamba antigoriti, aina ya serpentini inayostahimili joto, huvunjika kwenye nyuzi 720 hivi kwa gigapaskali 2, na kwenye nyuzi 620 hivi kwa gigapaskali 5. Kwa bamba lenye baridi maana yake ni kwamba maji yanaweza kubebwa hadi kilomita 150 au 200 kabla ya kuachiliwa. Matokeo hayo bado yanatajwa kila mara.

*Muda.* Jaribio hudumu siku au wiki chache. Mimenyuko iliyo polepole kwenye halijoto ya chini haiishi katika muda huo, na ndiyo sababu majaribio mengi huanzia na unga uliosagwa sana au hufanywa kwa joto kubwa kuliko la asili. Mmenyuko wa Wadi Mansah ni mgumu kuurudia kwa ukamilifu wake.

*Gharama.* Mashine ni chache duniani, na Afrika Mashariki mtu atalazimika kuomba nafasi nje, kama vile Bayerisches Geoinstitut ya Bayreuth, Ujerumani, au chuo kikuu cha ETH cha Zürich, Uswisi. Njia hii inamfaa mwenye swali jembamba lililo wazi: kwa shinikizo hili na halijoto hii, madini haya yatatoa maji au hayatatoa? Kuna jambo hapa linalonigusa. Yoderiti, madini yaliyotambuliwa mwaka 1959 kutoka kilima cha Mautia nchini Tanzania, yalipewa jina la Hatten Yoder, bingwa wa majaribio ya shinikizo kubwa huko Washington. Jiwe la kwetu limebeba jina la mtu wa maabara, nasi maabara ya namna hiyo bado hatuna.

Njia ya tatu: hesabu za kompyuta

*Kina.* Kwa upande wa madini hakuna mpaka wa maana katika kanda hizi. Kwa upande wa kiowevu mpaka ulikuwepo kwa miaka mingi: milinganyo iliyotumika kukokotoa tabia ya chembe zilizoyeyuka majini iliishia kilobari 5 (gigapaskali 0.5), yaani kina kisichofika kilomita 20, kwa sababu tabia ya umeme ya maji yenyewe kwa shinikizo zaidi ya hapo haikuwa imejulikana. Mwaka 2013 tabia hiyo ilikokotolewa kutoka kanuni za msingi za fizikia, na mwaka 2014 modeli ya maji ya kina kirefu ya Dimitri Sverjensky na wenzake ikasogeza mpaka hadi kilobari 60 (gigapaskali 6).

*Maji.* Yapo, lakini ya kwenye karatasi. Mtafiti anaweza kuuliza kiowevu kina kaboni kiasi gani, kina tindikali au la, na kikipanda mita mia kitamenyuka vipi na mwamba mpya. Hakuna njia nyingine inayoruhusu maswali mengi hivyo kwa siku moja. Hesabu za mwaka 2013 zilionyesha kwamba kaboneti ya magnesi, isiyoyeyuka kwenye maji ya kawaida, huyeyuka angalau kidogo kule chini, jambo linalokubaliana na matone ya Cignana yaliyoonekana miaka miwili kabla. Ila hesabu inajua tu kile kilichomo kwenye hifadhidata yake. Kama chembe fulani iliyoyeyuka haimo, programu haitalalamika. Itakupa jibu nadhifu lisilo sahihi.

*Muda.* Programu kama Perple_X na THERMOCALC hukokotoa hali ya mwisho, pale kila kitu kilipokwisha kutulia, na hazisemi ilichukua muda gani kufika. Wapo wanaoongeza kasi za mimenyuko, lakini hapo makadirio huwa mengi.

*Gharama.* Kompyuta mpakato ya kawaida, umeme, na mtandao wa kupakulia programu ambazo hutolewa bure. Gharama halisi ni miezi ya kujifunza thermodinamiki kwa dhati, na naisisitiza kwa sababu nimeona kazi nyingi zenye michoro ya kupendeza ambazo mwandishi wake hakuweza kueleza kwa nini mstari mmoja umepinda. Inamfaa mwenye hesabu nzuri, mwenye bajeti ndogo, na aliye tayari kupeleka matokeo yake yakapimwe na mwamba wa kweli.

Njia ya nne: matope na maji ya Mariana

*Kina.* Magharibi mwa Pasifiki, kati ya mtaro wa Mariana na visiwa vyake, ziko volkeno kubwa za matope ya serpentini, baadhi zikiwa na upana wa kilomita 50 na kimo cha kilomita 2. Chini yake bamba la Pasifiki linapita kwenye kina cha takriban kilomita 13 hadi 19, na hapo ndipo maji yake yanapotoka. Zaidi ya kina hicho njia hii haiendi.

*Maji.* Yamo kwenye chupa. Safari za uchorongaji za mwaka 1989, mwaka 2001 na za kati ya Desemba 2016 na Februari 2017 zilipata maji yanayopanda kutoka kwenye bamba lenyewe, yenye pH inayofika 12.5. Volkeno zilizo karibu na mtaro hutoa maji yenye kalsi nyingi. Zilizo mbali zaidi, juu ya bamba lililoshuka zaidi, hutoa yenye kalsi kidogo na alkali nyingi. Ukizipanga kwa mstari kutoka mtaroni unaona mimenyuko ikibadilika hatua kwa hatua kadiri bamba linavyopata joto. Pamoja na matope hupanda vipande vidogo vya skisti ya bluu, kwa hiyo hata mwamba wa chini haukosekani kabisa. Wanaochunguza vijidudu wanayapenda maji haya pia, kwa kuwa yana methani.

*Muda.* Ni wa leo, jambo lisilopatikana katika njia nyingine yoyote kati ya hizi. Mwaka 2001 kiliwekwa kizibo chenye vipimio ndani ya shimo moja la volkeno ya South Chamorro ili kufuatilia mtiririko.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote, na imepanda: meli ya JOIDES Resolution, iliyofanya safari hizo, ilimaliza kazi yake ya uchorongaji mwaka 2024. Hata hivyo sampuli zilizokwisha kuchorongwa zinatunzwa, na ghala la Kochi, Japani, linalohifadhi za Pasifiki ya Magharibi na Bahari ya Hindi, hupokea maombi ya watafiti. Njia hii inamfaa mkemia wa maji, au mwanabiolojia, anayetaka kiowevu kisichohitaji kukisiwa.

Kwa hali yako

Kama una mwaka mmoja wa shahada ya uzamili, uko Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, na chuo chako hakina mashine ya shinikizo, anza na kompyuta, lakini tafuta mwamba mmoja uliokwisha kuchapishwa kemia yake ukautumie kuipima hesabu yako. Kazi isiyo na mwamba hata mmoja huwa ngumu kuitetea mbele ya jopo.

Kama uko Muscat au unaweza kufika huko, itakuwa hasara kubwa kutotoka nje. Katika nchi moja una listveniti, iliyotokea kwenye kina kidogo na joto dogo, na As Sifah, iliyozama mbali. Swali kuhusu kaboni linaelekea Wadi Mansah. Swali kuhusu maji yanayotoka skisti ya bluu inapogeuka eklogiti linaelekea As Sifah. Usiyachanganye katika tasnifu moja.

Kama umepata ufadhili wa miaka mitatu au minne kwenye chuo chenye mashine, nenda maabara, ukiwa na swali moja lililoandikwa kwa sentensi moja kabla ya kupanda ndege. Miezi ya kwanza kapsuli nyingi huvuja, na ni swali lililo wazi litakalokuambia ipi irudiwe.

Kama kinachokuvuta ni uhai kwenye mazingira magumu, au haidrojeni inayozaliwa serpentini inapoundwa, omba sampuli za Mariana kabla ya kuota meli.

Na kama una ruhusa ya kwenda Usagara au Kasai, chukua pia muda wa kuisoma historia yote ya joto ya mahali hapo, kwa sababu miaka milioni 2,000 ni mingi na mwamba umepitia mengine tangu hapo. Ukikuta mshipa, usiuchukue peke yake. Kata kipande kimoja kinachoanzia kwenye mwamba usioguswa, kinapita ukutani, hadi katikati ya mshipa, na uandike juu yake kwa wino usiofutika upande uliokuwa ukitazama juu. Badiliko la kemia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ndilo utakaloingiza kwenye kompyuta, na ndilo mtu wa maabara atakalokuomba siku utakapomwandikia.